Maswali ya Wasomaji: Jiji lako linavyogawa ruzuku za nyumba na huduma za jamii

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja: fedha ambazo serikali ya shirikisho huyapa majiji kwa ajili ya nyumba za bei nafuu na huduma za jamii hupitia mikono ya nani, na mtu wa kawaida azifikie vipi. Tumechagua barua sita. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na pia ya ofisi zilizolalamikiwa.

SWALI: Hapa Lewiston, Maine, kila mwaka tunasikia jiji limepokea fedha za CDBG. Jumuiya yetu ya Wakongo ina kaya nyingi zenye shida, lakini fedha huishia kwa mashirika yale yale. Ni nani anayeamua, na kwa kipimo gani?

JIBU: CDBG ni ruzuku ya maendeleo ya jamii iliyozaliwa na sheria ya mwaka 1974. Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo wote huiita HUD, hailinganishi maombi ya majiji kuona nani kaandika vizuri. Inapiga hesabu tu. Asilimia 70 ya fedha za mwaka huenda moja kwa moja kwenye majiji na kaunti kubwa, na asilimia 30 hupewa majimbo, nayo huzigawia miji midogo. Jiji hupata fungu lake likiwa na wakazi 50,000 au zaidi, au likiwa jiji kuu la eneo lake la kitakwimu, yaani mji na vitongoji vyake kama serikali inavyovihesabu pamoja. Ndiyo maana Lewiston, yenye watu wasiofika 40,000, ina fungu lake, na Auburn ng'ambo ya mto ina lake.

Hesabu zenyewe ni mbili. Ya kwanza hutazama idadi ya watu, umaskini, na msongamano ndani ya nyumba. Ya pili hutazama umaskini, nyumba zilizojengwa kabla ya 1940, na ukuaji wa watu uliobaki nyuma ukilinganishwa na majiji mengine. Jiji hupewa ile inayoliletea zaidi. Majiji ya viwanda vya zamani, mfano Detroit na Buffalo, hunufaika na hiyo ya pili.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako. Chukua jiji lililopata dola 2,000,000. Kanuni hairuhusu zaidi ya asilimia 20 kwenda kwenye uendeshaji na mipango: hiyo ni 400,000. Huduma za jamii, yaani madarasa ya Kiingereza, malezi ya watoto, ushauri wa kazi, usafiri wa wazee na kadhalika, kwa kawaida hazipati zaidi ya asilimia 15: 300,000, na nyongeza kidogo kama mwaka uliopita jiji liliingiza marejesho ya mikopo yake. Zinazobaki ni za matofali na mabomba: ukarabati wa nyumba, njia za miguu, majengo ya jamii. Kwa hiyo mashirika yote ya huduma mjini, pamoja na lenu, yanagombea zile 300,000. Afisa akikwambia "huduma zimejaa", mara nyingi anasema kweli kabisa, hata kama jiji bado lina fedha benki.

Anayeamua ni halmashauri ya jiji kwa kura. Kabla ya kura, watumishi wa idara husika huchuja maombi, na majiji mengi yana kamati ya wananchi inayoyapa alama. Lakini kuna ngazi ya mapema zaidi ambayo jumuiya nyingi huikosa. Kila baada ya miaka 3 hadi 5 jiji huandika mpango mkuu unaotaja vipaumbele vyake, kisha kila mwaka huandika mpango wa utekelezaji. Kama mpango mkuu umetaja "makazi ya wazee" na "vijana" bila kusema lolote kuhusu wahamiaji au lugha, ombi lenu linaanza likiwa na alama pungufu, liandikwe na bingwa au na mwanafunzi. Tunalisisitiza hili kuliko lolote katika safu hii: nendeni kwenye kikao cha mahitaji, kile cha mwanzo kabisa. Kikao cha kuupitisha mpango huwakuta watu wameshagawana.

Kalenda ya jiji ambalo mwaka wake wa ruzuku unaanza Julai 1 huenda hivi, kwa makadirio: kikao cha mahitaji katika majira ya vuli, fomu za maombi kati ya Novemba na Januari, kamati Februari na Machi, rasimu ya mpango kuwekwa wazi siku 30 ili wananchi watoe maoni, kura ya halmashauri Aprili au Mei, mpango kufika HUD siku 45 kabla ya mwaka kuanza, yaani katikati ya Mei. Majiji mengine huanza mwaka Oktoba 1 au Januari 1, kwa hiyo ulizeni tarehe hiyo kwanza. Bunge la shirikisho, Congress, likichelewesha bajeti, kila kitu husogea, na mikataba hutiwa saini hata miezi minne baadaye.

Kwa nini mashirika yale yale? Upendeleo unaweza kuwepo, lakini kuna sababu mbili za kikanuni ambazo ni vema mzijue. Siku 60 kabla ya mwaka wa ruzuku kwisha, HUD hutazama salio: jiji likiwa na zaidi ya mara 1.5 ya mgao wake wa mwaka ambao haujatumika, linahesabiwa kuwa limechelewa na linaweza kupunguziwa. Afisa basi humkimbilia aliyewahi kutumia fedha kwa wakati. Pili, jiji linawajibika kwa makosa ya kila shirika linalolipa, na ni lazima lipime hatari ya shirika kabla ya kulikabidhi fedha. Kusimamia mkataba wa dola 5,000 kunachukua saa zile zile za mkataba wa 50,000, kwa hiyo majiji mengi huweka kiwango cha chini cha ombi. Jumuiya changa inaweza kuingia mwaka wa kwanza chini ya shirika kubwa lenye mkataba, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema nani anafanya nini na analipwa kiasi gani. Mwaka wa pili mnakuwa na rekodi yenu wenyewe.

SWALI: Mimi ni mchungaji Fort Worth, Texas. Kanisa letu la Kiswahili lina darasa la Kiingereza jioni na msaada wa kujaza fomu za kazi. Je, kanisa linaruhusiwa kuomba? Tunahitaji nini mkononi?

JIBU: Mchungaji, kanisa linaruhusiwa, na msikiti vilevile. Fedha haziruhusiwi kulipia ibada, mafundisho ya dini wala uinjilisti. Shughuli hizo zitengwe kwa saa au kwa chumba, na mwanafunzi asilazimishwe kushiriki. Huwezi kuchagua wanafunzi kwa dini yao. Darasa likianza kwa maombi ya pamoja, hapo pameharibika. Yaweke nusu saa kabla, kwa anayependa, na ratiba ionyeshe hivyo. Ukumbi wa ibada wenyewe haukarabatiwi kwa fedha hizi.

Kuhusu karatasi: namba ya kodi ya shirika, EIN, hutolewa bure na mamlaka ya kodi, IRS. Kanisa halilazimiki kuomba barua ya 501(c)(3), ile ya IRS inayothibitisha kwamba shirika limesamehewa kodi, kwa sababu sheria inalisamehe kodi moja kwa moja, lakini majiji mengi huitaka barua hiyo, na ndiyo maana makanisa kadhaa husajili shirika la huduma pembeni. Shirika dogo, lenye mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi 250,000, hutumia fomu fupi 1023-EZ kwa ada ya dola 275. Fomu ndefu ni 600. Kisha namba ya UEI, utambulisho wa shirika kwa fedha za shirikisho, yenye herufi na tarakimu 12, inayopatikana SAM.gov, tovuti ya serikali ya usajili, bila malipo yoyote. Anayekuandikia barua pepe akidai mamia ya dola "kukusajili SAM" anakuibia. Wanaopata fedha kupitia jiji kwa kawaida huhitaji UEI peke yake. Jiji likidai usajili kamili, kumbuka unahuishwa kila mwaka, na usajili uliokwisha husimamisha malipo.

Ongeza bima, orodha ya wajumbe wa bodi, kumbukumbu za vikao vyao, na akaunti ya benki isiyochanganywa na sadaka. La mwisho ni zito zaidi: huduma iwe mpya, au iongezeke kwa kiasi kinachopimika kuliko iliyokuwa ikilipiwa na fedha za jiji au jimbo katika miezi 12 iliyopita. "Kuendeleza kazi njema" hakupati alama. "Kutoka madarasa 2 ya watu 15 hadi madarasa 4 ya watu 15, wiki 40" kunapata.

SWALI: Shirika letu lilisaini mkataba wa dola 24,000 na jiji letu huko Ohio. Tumetumia zote, lakini jiji limekataa kulipa karibu 9,000. Tunawadai walimu mishahara. Tumekosea wapi?

JIBU: Pole sana. Hii ndiyo ajali inayoyaua mashirika madogo mengi, na chanzo chake ni kufikiri kwamba ruzuku ni fedha unayopewa. Karibu kila jiji hulipa kwa kurudisha: mnatumia zenu, mnaleta ushahidi, wanawarudishia. Hatujaona faili lenu, lakini madai hukataliwa kwa sababu zinazojirudia, na mnaweza kulinganisha.

Tarehe. Gharama ya kabla ya mkataba kuanza, hata ya siku moja, hailipwi isipokuwa jiji lilikubali kwa maandishi. Watu huanza kazi Julai 1 kwa sababu halmashauri ilipiga kura Mei, kumbe mkataba unasema Septemba 15.

Saa za kazi. Mwalimu anayelipwa nusu na ruzuku na nusu na chanzo kingine aandike saa alizofanya kweli kwa kila kazi, asaini, na msimamizi asaini. Karatasi inayosema "50% CDBG" wiki hadi wiki, bila kubadilika hata wiki ya sikukuu, humfanya mkaguzi airudishe.

Ushahidi wa malipo. Ankara inaonyesha mnadaiwa, haionyeshi mmelipa. Ambatisheni taarifa ya benki au hundi iliyopita benki. Malipo ya fedha taslimu ni magumu mno kutetea.

Vifungu vya bajeti. Mkataba umesema mishahara 20,000 na vifaa 4,000, ninyi mkanunua kompyuta za 6,500 kwa sababu mwalimu mmoja aliondoka. Matumizi yanaweza kuwa halali kabisa na bado yasilipwe. Marekebisho ya bajeti huombwa kwa barua kabla ya kununua. Chakula cha sherehe na kadi za zawadi, msiziweke kabisa.

Kipato cha wanaohudumiwa. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Huduma kama zenu hukubaliwa kwa sababu zinawafaa watu wa kipato cha chini, na kwa kawaida angalau asilimia 51 ya wanaohudumiwa wathibitike hivyo. Mpaka ni asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo (kile ambacho nusu ya familia hupata zaidi yake na nusu chini yake), na HUD huutangaza upya kila mwaka kwa ukubwa wa kaya. Ukubwa wa kaya ni muhimu sana kwa familia zetu. Tuseme mpaka wa kaya ya watu 4 ni dola 72,000 (ni mfano). Mtu mmoja atahesabiwa kwa asilimia 70 ya hiyo, 50,400. Watu 6 kwa asilimia 116, 83,520. Watu 8 kwa asilimia 132, 95,040. Baba na mama wanaofanya kazi ghalani, wenye watoto sita, wanaweza kuonekana "wana hela" na bado wakawa ndani ya mpaka. Fomu isiyo na idadi ya watu katika kaya haina thamani, kwa sababu hakuna mpaka wa kuilinganisha nao. Majiji mengi hukubali tamko la mteja mwenyewe lenye saini. Someni mkataba kama wenu unataka hati za mshahara pia. Na mtu mmoja ahesabiwe mara moja kwa mwaka hata akija mara 40.

Fanyeni hivi sasa. Ombeni kwa maandishi sababu ya kila dola iliyokataliwa na kifungu cha mkataba kinachohusika. Tenganisheni yanayorekebishika (saini, taarifa za benki, fomu za kipato) na yasiyorekebishika (tarehe). Rudisheni ya kwanza haraka, mwaka wa hesabu haujafungwa. Kanuni za shirikisho zinataka anayepitisha fedha alipe ndani ya siku 30 tangu kupokea dai la marejesho lililo sahihi. Litajeni hilo kwa adabu. Kanuni hizo pia zinalipa jiji nafasi ya kutoa fedha za awali, na kuomba si kosa. Mwaka ujao dai liende kila mwezi, kamwe lisisubiri mwisho. Mkataba wa 24,000 ni 2,000 kwa mwezi. Mwezi wa kazi, mwezi wa kukagua na kulipwa, na mmoja wa dharura ni 6,000 mnazopaswa kuwa nazo benki kabla ya kusaini. Kama hazipo, ombeni kidogo zaidi.

SWALI: Nadaiwa kodi ya miezi miwili Louisville na mwenye nyumba ameshaniandikia barua. Naweza kwenda ofisi ya jiji wanipe hizo fedha?

JIBU: Mama, hutapewa mkononi. CDBG haigawi fedha kwa watu. Inaweza kulipa kwa mwenye nyumba au kampuni ya umeme, isiyozidi miezi 3 mfululizo. Njia iliyo karibu zaidi na shida yako ni ESG, ruzuku ya dharura kwa walio hatarini kukosa makazi. Kwa anayezuia kufukuzwa, kipato cha kaya kiwe chini ya asilimia 30 ya kile cha kati, na malimbikizo ya hadi miezi 6 yanaweza kulipwa mara moja. Fedha hizo ziko kwa mashirika yenye mkataba, kwa hiyo piga 211, namba ya simu ya kuelekezwa kwenye misaada, leo, uombe mkalimani wa Kiswahili, useme "nimepata barua ya kufukuzwa". Shika barua yenyewe, mkataba wa kupanga, kitambulisho cha kila mtu mzima na hati za mshahara. Wanaokwama mara nyingi ni wale waliopangishwa chumba na mpangaji mwingine kwa mdomo, au ambao mwenye nyumba anakataa kusaini. Zungumza naye kabla shirika halijampigia. Usisubiri tarehe ya mahakama, na ikifika, nenda.

Jambo la pembeni: vocha za Section 8, yaani msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, hazigawiwi kwa ruzuku hizi. Ziko kwa mamlaka ya nyumba ya mahali pako, foleni nyingine kabisa. Lakini jengo la kupangisha lililojengwa kwa ruzuku ya HOME, mfuko mwingine wa HUD wa nyumba za bei nafuu, haliruhusiwi kumkataa mtu kwa kuwa ana vocha.

SWALI: Nyumba yangu Dayton, Ohio, ni ya 1952 na paa linavuja. Fundi yuko tayari kuanza kwa dola 18,000. Nikilipa nusu, jiji litanirudishia?

JIBU: Usimlipe, wala usisaini naye. Mradi wa fedha za shirikisho lazima upitie ukaguzi wa mazingira kabla kazi haijaanza wala fedha kuahidiwa, na gharama uliyoitangulia inaweza kukufungia mlango wote.

Utaratibu ni huu: ombi, uthibitisho wa kipato na umiliki (hati iwe kwa jina lako, kodi ya ardhi na bima visiwe na deni), mkaguzi wa jiji kuandika kazi zinazohitajika, ukaguzi wa mazingira, zabuni za mafundi, mkataba, kazi, ukaguzi, malipo kwa fundi. Miezi sita si ajabu, kwa hiyo funika paa kwa turubai na upige picha.

Kwa kuwa nyumba ilijengwa kabla ya 1978, rangi yake inashukiwa kuwa na madini ya risasi (lead), sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Kiwango cha msaada huamua kazi: hadi dola 5,000, fundi hufanya kazi kwa njia salama na kurekebisha rangi aliyoigusa, zaidi ya 5,000 hadi 25,000, nyumba hupimwa hatari na hatari hizo hudhibitiwa, zaidi ya 25,000, huondolewa kabisa. Ndiyo maana makadirio ya 18,000 huweza kuvuka 25,000 katikati ya safari na kazi ikasimama. Muulize mkaguzi mapema gharama ya risasi imo au haimo.

Uliza pia fedha ni za mfuko gani. Za HOME zinataka nyumba nzima ifikie kiwango, si paa peke yake. Kwa paa tu, tafuta mpango wa ukarabati wa CDBG. Na msaada huo aghalabu ni mkopo usio na riba unaoandikwa kwenye hati ya nyumba na kufutwa kidogo kidogo ukiendelea kuishi humo. Ukiuza kabla ya muda, sehemu yake inarudi.

SWALI: Mama zetu wana mengi ya kusema kwenye vikao vya jiji lakini Kiingereza hawakijui. Wafanyeje?

JIBU: Kanuni inalitaka jiji lieleze, ndani ya mpango wake wa kushirikisha wananchi, litakavyowahudumia wasiojua Kiingereza pale ambapo wengi wao wanatarajiwa kuja. Kila mwaka vikao viwe angalau 2, katika hatua tofauti. Jiji likijua ni kumi na watano wanakuja, mkalimani hupatikana, likishtukizwa, hapatikani. Andikeni wiki mbili kabla, kwa barua pepe ili kuwe na rekodi, mseme idadi yenu na lugha: "Kiswahili cha Kongo" kama ndicho, maana mkalimani wa Mombasa au Unguja na bibi wa Bukavu wanaweza kupishana kwenye maneno muhimu. Jiji lisipojibu, lalamikeni kwa maandishi. Malalamiko hayo yanapaswa kujibiwa ndani ya siku 15 za kazi inapowezekana.

Mzungumzaji kwa kawaida hupewa dakika 2 au 3, na mkalimani hula nusu yake. Ombeni muda mara mbili. Mama mmoja aseme jambo moja lenye hesabu: jengo gani, kaya ngapi, kodi kiasi gani, basi la mwisho saa ngapi. Kisha maneno yake yaandikwe na kukabidhiwa karani usiku uleule, kwa sababu maoni ya wananchi, pamoja na sababu za yale yasiyokubaliwa, lazima yaambatishwe kwenye mpango unaopelekwa HUD.